Rufaa ya unyang'anyi wa kutumia silaha: anza na tarehe, kisha tafuta taa

Wiki iliyopita mama mmoja wa upande wa Kiwira alinikuta kibarazani, kanga imelowa, bahasha ya kaki kaikumbatia chini ya sweta isipate mvua. Hata "ugonile" hatujaimaliza akasema, "Dada, mwanangu wamempa thelathini." Sikumuuliza kama aliiba. Nilimuuliza hukumu ilisomwa siku gani. Akahesabu kwa vidole kuanzia siku ya gulio, akarudia, akafika saba. Nikashusha pumzi, maana kati ya siku 10 za kutoa taarifa ya rufaa zilikuwa zimebaki siku 3.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaniruhusu kukuelekeza na kukusaidia kuandaa karatasi zako, lakini siwezi kusimama mbele ya jaji kukutetea, na siruhusiwi kukudai malipo. Kazi hii sikuanza kwa kusoma. Niliianza kwa sababu mdogo wangu wa kiume alifungwa miaka 30 kwa unyang'anyi uliofanyika nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mimi ndiye niliyebaki na makaratasi yake. Haya ninayoandika ni kwa ndugu aliyekaa na bahasha kama ile ya mama wa Kiwira, hajui aanzie wapi.

Kwanza ujue kosa lenyewe. Unyang'anyi wa kutumia silaha uko kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu. Upande wa mashtaka unatakiwa uonyeshe kwamba kitu kiliibwa, kwamba mwizi alikuwa na silaha au chombo cha hatari, na kwamba alitumia nguvu au alitishia kuitumia ili achukue kitu hicho au asinyang'anywe. Panga linatosha, rungu pia. Adhabu yake haipungui miaka 30, na hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya hapo hata akimwonea mtu huruma. Ndiyo maana barua za kuomba huruma, "mimi ni yatima, nina watoto wadogo," hazisaidii kitu kwenye rufaa ya kosa hili. Nimeziona nyingi, na kila ninapoisoma moja moyo unaniuma, kwa sababu aliyeiandika alikuwa na nafasi moja akaitumia pale pasipofunguka.

Namba za vifungu nazitaja kama tulivyozizoea. Tangu tarehe 1 Julai 2025 linatumika Toleo la Urekebu la 2023 la sheria zetu, na vifungu vingi vimesogezwa namba, hasa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kabla hujaandika namba kwenye karatasi ya mahakama, iangalie kwenye toleo jipya.

Sasa siku. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi unakwenda Mahakama Kuu, na kuna hesabu mbili za siku zinazokimbia. Ya kwanza ni siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa. Ni karatasi fupi sana: mimi fulani, nimehukumiwa tarehe fulani, kesi namba fulani, sikuridhika, nakusudia kukata rufaa. Haihitaji sababu wala wakili. Aliye gerezani anaiandika hukohuko, anaweka sahihi au dole gumba, na mkuu wa gereza anaifikisha mahakamani. Ya pili ni siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe pamoja na sababu zake, na hapo muda unaotumika kusubiri nakala za hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani, hauhesabiwi. Kwa hiyo omba nakala kwa barua, wala usiombe kwa mdomo. Peleka barua mbili zinazofanana, moja ibaki kwa karani, nyingine igongwe muhuri wenye tarehe urudi nayo. Muhuri huo ndio utakaoonyesha kwamba kuchelewa hakukuwa kwako. Na siku ukipewa nakala, andika tarehe ya kuzipokea.

Kijana mmoja, mtoto wa dada yangu, aliniletea simu akisema mtandaoni wameandika siku 60. Tukasoma pamoja: ilikuwa sheria ya India. Kule anayekwenda Mahakama Kuu kupinga kifungo ana siku 60, na unyang'anyi wa watu watano au zaidi ni kosa lenye jina lake peke yake, huku kwetu hata mtu mmoja mwenye panga anatosha. Si ajabu mtu kuchanganya, kwa sababu sheria za nchi hizi mbili zina undugu: Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872 ndiyo iliyotumika Tanganyika hadi tulipotunga yetu mwaka 1967, na mpaka leo utaona maamuzi ya India yakitajwa kwenye hukumu za hapa. Lakini siku za India ziache India. Ukizifuata, utafika Mahakama Kuu Mbeya umechelewa.

Sisi tulichelewa kwa njia nyingine. Siku ile mdogo wangu alipohukumiwa, nje ya geti la mahakama alikuwepo bwana mmoja mwenye suti na mkoba, akamwambia mama, "Mama pole, hii ni kazi ndogo, mwambie kijana asijaze chochote gerezani, mimi nitashughulikia." Mama akauza ng'ombe, akampa shilingi 300,000. Alikuwa kishoka, wakili bandia. Alichoandika ni barua ya kuomba huruma, na hata hiyo sijui kama aliipeleka. Miezi 5 ikapita. Kwa hiyo nakuomba: kabla hujatoa hela, muulize mtu huyo jina lake kamili kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili, kisha litafute, maana orodha ya Mahakama iko mtandaoni. Wakili wa kweli hakasiriki akiulizwa.

Muda ukishapita, si mwisho. Unaomba Mahakama Kuu ikuongezee muda, kwa maombi yenye hati ya kiapo. Humo ndani usiseme "sikujua sheria", kwa sababu kutojua sheria hakukubaliki kuwa sababu. Eleza siku kwa siku ulikuwa wapi na ulifanya nini, na kama kwenye kumbukumbu za kesi kuna dosari ya kisheria inayoonekana waziwazi, itaje, kwa maana hiyo peke yake yaweza kutosha. Kwetu ndiyo iliyotuokoa, na nitaieleza.

Nakala zilipofika zilikuwa kurasa 58, zimechapwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, lakini majalada mengi ya nyuma yamo kwa Kiingereza. Nilikwenda kwa mwalimu wa sekondari jirani na kanisani, tukakaa jioni nne, yeye anasoma, mimi naandika kwenye kaunta buku. Na hapa ndipo nataka utulie na mimi, kwa kuwa rufaa inajengwa hapa. Jaji hatamwona jirani aliyepigwa wala hatauona mgomba uliokuwa mlangoni. Ataziona kurasa zile zile ulizonazo wewe.

Usianze na hukumu. Hukumu ina maneno ya kukushawishi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Anza na hati ya mashtaka: tarehe, mahali, vitu vilivyoibwa, na jina la mtu aliyetumiwa nguvu au kutishiwa. Kisha shahidi mmoja mmoja, ukijiuliza: huyu aliona nini, akiwa wapi, kwa mwanga gani, akamwambia nani kwanza? Andika namba ya ukurasa kila mara.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Jirani yetu alikuwa amelipwa pesa za parachichi. Usiku wa saa nane watu watatu walivunja mlango kwa jiwe, wakampiga ubapa wa panga mpaka mkono ukavunjika, wakachukua pesa, simu mbili na betri ya sola. Hilo sina ubishi nalo. Nilikuwa wa pili kufika pale, na mkono ule niliufunga mimi kwa kitenge.

Shahidi wa kwanza, ambaye ni jirani mwenyewe, aliiambia mahakama kwamba alimtambua mdogo wangu kwa mwanga wa taa ya sola, kwa sababu ni mtu wa hapo hapo. Basi. Sentensi moja, ukurasa wa 11. Mkewe, ukurasa wa 15, alisema wezi waliwamulika tochi machoni. Mwalimu alipofika hapo akainua kichwa, akaniuliza, "Sasa dada, betri ya sola si ndiyo waliyoiba?" Nikarudi kwenye hati ya mashtaka. Ilikuwa ni kitu cha tatu kwenye orodha. Betri ikishang'olewa, taa imezimika. Iling'olewa kabla ya sura kuonekana au baada? Taa ilikuwa ndani au barazani? Hakuna mtu aliyeulizwa, si na mwendesha mashtaka, si na hakimu, wala mdogo wangu ambaye hakuwa na wakili.

Kwa nini taa ina uzito huo? Kwa sababu ya uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980 katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Mahakama ilisema ushahidi wa kutambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine zote, na hauwezi kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi aeleze alimwona mtu kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ukoje, na kama alikuwa akimfahamu kabla. Maamuzi ya baadaye yakaongeza kwamba haitoshi kusema "palikuwa na mwanga". Sema unatoka wapi na una nguvu kiasi gani. Na tochi ikimulikwa machoni mwako inamsaidia mwizi akuone wewe, wala si wewe umwone yeye. Hata kufahamiana hakumalizi jambo, kwani mtu hukosea hata kwa ndugu yake gizani.

Nikafanya kosa ambalo nataka wewe ulikwepe. Kwa furaha ile nilikwenda usiku kwa jirani, akakubali, tukapima hatua kutoka kitandani mpaka mlangoni, nikachora na ramani. Wakili wa kujitolea wa msaada wa kisheria pale Mbeya aliitazama, akaikunja, akanirudishia. Rufaa haipokei ushahidi mpya hivi hivi. Mahakama inaweza kuuruhusu, lakini ni kwa nadra na kwa sababu nzito. "Hatua ulizopima wewe hazimo kwenye kurasa," aliniambia. "Kilichomo ni kwamba hakuna aliyepima. Hilo ndilo la kusema."

Kisha shahidi wa tatu, mtendaji wa kijiji. Alisema alipigiwa simu usiku ule ule, akafika, akaambiwa wamevamiwa na watu wasiojulikana. Soma tena. Mtu aliyemtambua jirani yake, anayekula naye misibani, kwa nini asimtaje kwa mtendaji saa ile? Mdogo wangu alikamatwa siku 9 baadaye, akiwa anauza viazi sokoni. Kuhusu hili kuna uamuzi wa Marwa Wangiti Mwita dhidi ya Jamhuri: kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo kunampa shahidi uaminifu, na kuchelewa au kushindwa kabisa kumtaja kunapaswa kuifanya mahakama yenye busara ijiulize maswali. Wewe ukisoma kurasa zako, mtafute mtu wa kwanza kupokea taarifa: balozi, mwenyekiti wa kitongoji, sungusungu, polisi. Aliambiwa jina au hakuambiwa? Na kama hakuitwa kutoa ushahidi, hilo nalo ni la kuandika.

Tatu ni maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya. Polisi walisema mdogo wangu alikiri, na maelezo yakapokelewa kuwa kielelezo P2, yaani cha pili cha upande wa mashtaka. Ukurasa wa 27 unasema yamepokelewa, na mstari unaofuata shahidi mwingine anaapishwa. Hayakusomwa. Katika shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake, mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilielekeza kwamba hati ichunguzwe kwanza kama inafaa kupokelewa, ipokewe, ndipo isomwe mahakamani mshtakiwa asikie. Isiposomwa, huondolewa kwenye kumbukumbu kana kwamba haikuwepo. Hii ndiyo dosari iliyotupatia nyongeza ya muda. Yapo mengine ya kutazama kwenye maelezo ya onyo: yaliandikwa saa ngapi ukilinganisha na saa ya kukamatwa, kwa kuwa polisi wana saa 4 za mwanzo za kumhoji mtu mpaka waombe kuongezewa, na kama mshtakiwa alisema alipigwa, je, hakimu alisimamisha kesi kuchunguza hilo kwanza?

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu kwetu hayakuwepo, ila kwako yanaweza kuwa ndiyo yenyewe. Mali ikikamatwa kwa mtu, aliyeibiwa lazima aitambue kwa alama, na karatasi zionyeshe ilivyopita mkono kwa mkono mpaka mahakamani. Hakimu akibadilika katikati ya kesi, sababu ziandikwe. Gwaride la utambuzi, pale mtuhumiwa anapopangwa mstarini na wengine ili shahidi amchague, lina maana kwa shahidi ambaye alikuwa hamfahamu mtu huyo, na kabla ya gwaride awe ameeleza wajihi wake. Na kama ndugu yako alikiri kosa mwenyewe mahakamani, kwa kawaida anachoweza kupinga ni adhabu tu.

Kuandika sababu za rufaa. Kila sababu ibebe jambo moja, na iguse ukurasa. Usiandike "hakimu alinionea". Ya kwanza ya mdogo wangu ilisomeka hivi: "Kwamba Mahakama ya chini ilikosea kumtia hatiani mrufani kwa ushahidi wa utambuzi wa macho, wakati shahidi wa kwanza na wa pili hawakueleza mahali ilipokuwa taa, nguvu ya mwanga wake, muda na umbali waliomwona mrufani, na wakati betri ya taa hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyodaiwa kuibwa." Zilikuwa sababu 4 tu. Nimeona za watu zenye sababu 17, zote zinasema kitu kimoja kwa maneno tofauti, na ile nzuri imezama katikati.

Maamuzi niliyoyataja utayasoma bure mtandaoni, kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Mwombe kijana yeyote mwenye simu. Usinakili jina la kesi ambayo hujaisoma.

Siku ya kusikilizwa ni fupi kuliko unavyodhani. Mdogo wangu alikuja Mahakama Kuu Mbeya kwa karandinga, na sisi tulitoka Tukuyu na basi la alfajiri, Uyole bado giza. Asiye na wakili anaweza kusema hivi, nami nilimfundisha mpaka akalikariri: "Mheshimiwa Jaji, naomba sababu zangu za rufaa zipokelewe, Wakili wa Serikali aanze kuzijibu, na mimi nitasema baadaye." Ni haki yake, na inamsaidia kujua anapingwa wapi. Wakili wa Serikali alikubali P2 iondolewe. Akashikilia kwamba jirani alikuwa akimfahamu. Mdogo wangu akajibu maneno machache: "Kama alinifahamu, Mheshimiwa, ukurasa wa 19 mtendaji anasema hakutajiwa mtu." Akaketi.

Jaji wa rufaa ya kwanza ana wajibu wa kuupima ushahidi wote upya. Anaweza kuitupa rufaa, anaweza kubadilisha kosa liwe dogo zaidi, anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya kama uendeshaji wake ulikuwa batili, au kumwachia. Akiitupa, njia iliyobaki ni Mahakama ya Rufani, ambayo hufanya vikao Mbeya na Iringa pia. Kule taarifa ya rufaa ni ndani ya siku 30, na hoja ziwe za kisheria. Na ukishinda, usichome karatasi: upande wa Jamhuri nao una haki ya kwenda huko.

Mdogo wangu aliachiwa. Hukumu ilisema hatia haikuthibitishwa bila kuacha shaka. Mama alitaka tumpitishe moja kwa moja nyumbani, wanawake walishakusanyika na vigelegele. Nilikataa. Tuliteremka kwanza ofisi ya mtendaji na nakala ya hukumu, nikaomba aisome, agonge muhuri wa kupokea, ibaki kwenye jalada la kijiji, ili kesho mtu asije akasema ametoroka au ametoa rushwa. Kisha mimi na mama tukaenda wawili, bila yeye, kwa jirani. Mkono wake haujanyooka mpaka leo. Alitukaribisha, akakaa kimya kirefu, akauliza kama jaji alisema yeye ni mwongo. Nikamfungulia ukurasa, nikamsomea kwa Kiswahili: kwamba alivamiwa kweli, na aliumizwa kweli, ila haikuonyeshwa kwamba mwanga ulimtosha kumjua mtu. Akaomba na yeye apewe nakala. Nilimpelekea kesho yake.